Sufuria

Tangu kiharusi kimguse mwezi wa Januari
mama ana neno moja.
Kijiko ni sufuria. Mvua ni sufuria.
Daktari wa Mbale na miwani yake, sufuria.
Mimi niliyetoka naye wodini nimebeba kandambili zake,
sufuria.

Lakini mrudishie chenji pungufu
uone atakavyokutazama.
Ndama akikata kamba, yeye ndiye wa kwanza mlangoni,
na harufu ya maharagwe yanayoungua
humwinua kitini, mguu mmoja ukiburuta,
akigomba: sufuria! sufuria!
Siku hiyo, angalau, alipatia.

Lumadede, mpwa wangu, ana simu
yenye hiyo akili ya kuundwa.
Aliiuliza mrenda unateremkaje kooni.
Ikaeleza kuniliko:
ikataja munyu wa majivu, tonge la wimbi,
na ule uzi wa mwisho unaogoma kukatika.
Haina koo.
Haijawahi kungoja mgeni atoke ndipo irambe sahani.

"Inafikiri," akasema Lumadede.
"Inabahatisha," nikasema. "Neno, kisha neno,
kama mtu anayevuka Yala kwa kurukia mawe."
Akacheka. "Na wewe, mjomba, huvuka vipi?"

Nikanyamaza, maana kazi yangu naijua.
Miaka kumi na tisa na mashine ya chapa nje ya mahakama:
mjane hajamaliza kufuta machozi,
vidole vimeshafika "ninaomba kwa unyenyekevu mkubwa."
Vidole ndivyo vilivyoomba.
Mimi nilikuwa nawaza chai.
Na matangani husema kazi ya Mungu haina makosa
huku macho yakimtafuta aliyechukua kiti changu.

Kisha Jumapili moja Mmbone anadurusu methali za shule.
"Haba na haba..." Akakwama, akatafuna kalamu.
Kutoka jikoni, sauti ng'avu kama shilingi mpya:
"Hujaza kibaba."

Mama!
Aliyefundisha darasa la tatu Chavakali miaka thelathini!
Tukamkimbilia, tukamzunguka kama kuku na mtama.
Mgaagaa na upwa? "Hali wali mkavu."
Haraka haraka? "Haina baraka."
Moja, mbili? Akahesabu hadi ishirini, hakutua.
"Sasa sema, mama, unataka nini?"
Midomo ikapapasa. Jicho moja likajaa.
"Sufuria."

Ilikuwa kiu.
Tulikuja kujua jioni.

Basi wako wawili ndani yake.
Mmoja hudaka mkia wa methali
na habari za kiharusi hajazisikia hadi leo.
Mwingine ana kiu, anagonga mlango kwa ndani,
na ufunguo aliopewa ni huo mmoja tu.

Simu ya Lumadede namwona yule wa kwanza,
baba mmoja mama mmoja, hata mwendo.
Wa pili, sijui.
Usiku niliiuliza kama huona kiu.
Ikajibu kwa adabu kwamba haioni,
jibu zuri, limepangwa kama ninavyopanga viapo
vya watu ambao sikuwepo walipoibiwa.
Nikaizima. Nikaiwasha tena.
Sikuwa na swali.

Leo asubuhi niliinama kumfunga mama kiatu.
Akaweka kidole shingoni mwangu, chini ya sikio,
pale ngozi inapong'aa tangu uji uliponimwagikia
nikiwa na miaka mitatu, na yeye akiwa amegeuka
kidogo tu, kuchukua mwiko.

"Sufuria," akasema,
polepole, kama anayesoma.

Nimeshinda na neno hilo.
Wateja watatu wamekuja na kesi zao za mipaka.
Karatasi ingali nyeupe kwenye mashine.